Bia kali ya Ubelgiji

Bia ya rangi ya dhahabu yenye kilevi kingi: Duvel, mfano mashuhuri wa kiwanda cha Moortgat, ina asilimia 8.5. Huongezwa sukari na hamira, ikachacha tena ndani ya chupa. Povu ni zito, harufu ya peasi na pilipili manga. Utamu wa mwanzo huficha ukali, na hapo ndipo wengi hunaswa. Ubelgiji si ngeni mjini Kigoma, Tanzania: Wabelgiji waliuteka 1916, na mkataba wa 1921 na Uingereza ukawapa eneo bandarini. Mwonjaji wa Katonga, Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi, ana kipimo chake cha bia hii: urwarwa, pombe ya Burundi ya ndizi mbivu na mtama, yenye hila ileile. Duvel inapomiminwa, machicha ya hamira huachwa chini ya chupa.