Somo na Mwari: Elimu ya Baleghe Katika Nyumba Zetu

Ndugu msomaji, wako watu wadhanio kuwa kumfundisha kijana habari za mwili wake ni jambo lililoletwa na wageni. Tuitazame tarikhi, tuone kama ni kweli.

Mjini Madina, Ummu Sulaym (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.), akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya kwa jambo la haki, kisha akauliza kama mwanamke humpasa kuoga akiota. Mtume hakumkemea; alimjibu kuwa yampasa, akiona maji. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Haya ni katika imani, lakini si kufuli la elimu.

Wazee wetu wa Pwani nao walikuwa na njia yao. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, akamfunza sodo, tohara na kuoga, na baadaye unyumba. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, hali ni mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia juu ya dini, adabu na unyumba. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaeleza mambo ya jando na makungwi katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903.

Hata hivyo, mara nyingi mwari aliozwa pale pale alipovunja ungo. Lakini Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 6, haikutosheka na mayatima kufikia umri wa kuoa. Imetaka pia waonekane kuwa na busara, ndipo wapewe mali yao. Ikiwa mali yataka akili iliyokomaa, je, mimba na malezi? Nyonga ya msichana mdogo haijatimia. Uchungu ukikwama muda mrefu, kibofu huweza kutoboka, mkojo ukawa wamtoka bila kuuzuia; hiyo ndiyo fistula. Na kifafa cha mimba humwandama zaidi.

Mvulana naye asisahauliwe. Suratul-Baqara aya ya 233 yataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na chakula na nguo za mama ni juu ya baba. Basi ubaba ni kazi ya kujifunza kabla ya harusi.

Leo katika nyumba nyingi somo huitwa wiki ya harusi, na simu imekwisha mfundisha mwari zamani, bila haya wala huruma. Kwa hiyo, ewe mzazi, mwambie binti yako habari ya hedhi kabla haijamjia, na mwanao wa kiume habari ya janaba kabla hajaota. Wajue maradhi ya zinaa, na wajue kuwa hapana mwenye ruhusa ya kuwachezea miili yao, awe jamaa au mwalimu. Ukishindwa wewe, mtafute shangazi, mjomba au muuguzi unayemwamini. Usikae kimya, kwani mtoto asiyeambiwa nyumbani ataambiwa barazani.

Wabillahi tawfiq.