Kisahani, Nondo na Uhuru: Majina Matatu na Somo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Makala haya yananuia kueleza historia ya majina matatu ya karne ya 20: moja la angani, la pili la ndani ya kompyuta, na la tatu la Kiswahili chetu wenyewe. Kila moja lina jambo la kumfunza mwalimu ambaye kila siku huulizwa na wanafunzi, "Mwalimu, hiki kwa Kiswahili kinaitwaje?"

Tuanze na la angani. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold aliona vitu tisa vikienda kasi karibu na mlima Rainier, katika jimbo la Washington. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba vitu hivyo vilikwenda kwa kurukaruka, mithili ya kisahani kinachorushwa juu ya maji. Tashbihi yake ilihusu mwendo. Magazeti yakalishika neno "kisahani" na kulifanya umbo, na katika siku chache dunia ikapata "visahani virukavyo". Tangu hapo watu wengi wakaripoti kuona vitu vya mviringo kama sahani. Huku kwetu, mwezi Februari 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa waliripoti kuona kitu angani upande wa Kilimanjaro. Walieleza umbo refu kama risasi, lakini habari hiyo nayo ikatiwa katika fungu la visahani. Baadaye Jeshi la Anga la Marekani lilichagua jina la tahadhari zaidi, ambalo tunaweza kulifasiri "kitu kirukacho kisichotambulika". Jina hili halidai umbo wala asili. Linakiri tu kwamba aliyeona hajui alichokiona.

Jina la pili ni la mwaka uo huo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mtambo. (Ni nondo yule mdudu wa usiku, wala si nondo za saruji!) Walimbandika katika daftari la kazi, na kisa hicho kikaenezwa sana na mwanahisabati Grace Hopper. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kuiita hitilafu ya mtambo "mdudu". La hasha. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua ya mwaka 1878, na mafundi walicheka mwaka 1947 kwa sababu safari hii mdudu alikuwa mdudu kweli. Je, nasi tuseme "mdudu wa programu"? Kwa Kiswahili, vidudu ni vya maradhi, na mwanafunzi atadhani tunazungumzia virusi vya kompyuta, ambavyo ni jambo jingine kabisa. "Hitilafu" au "dosari" inatosha, na chombo cha kuzisaka kinaweza kuitwa kitatuzi. Tafsiri ya neno kwa neno ingetuletea mzaha wa Wamarekani bila maana yake.

Hopper huyohuyo ana kisa kingine kinachotuhusu zaidi. Katika miaka ya 1950 alibuni lugha ya programu ambayo amri zake zilikuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, msingi uliosaidia kuzaliwa kwa COBOL. Ili kuonyesha kwamba mashine haijali lugha, aliandaa mfano ambao amri zake ziliweza kuandikwa pia kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakuu wa kampuni walishtuka na kuukataa. Hawakuweza kukubali kwamba kompyuta ya Marekani ielewe Kijerumani. Hata hivyo, hoja yake inasimama hadi leo. Kwa mashine, "kama", "basi" na "la sivyo" ni alama tu, sawa na zile za Kiingereza.

Jina la tatu ni Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo, na hadi leo wanafalaki huviita vyanzo hivyo kwa herufi 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Jina hilo halikuhitaji kamati ya istilahi ili lidumu. Lilikuwa na sababu inayoeleweka, na watu walilitumia kazini.

Hapa ndipo lilipo somo letu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi zetu zaweza kujaa kwenye kioo cha kompyuta. Lakini istilahi huishi kwa kutumiwa. Mwanafunzi wa Kiyeyi, wilayani Tororo, huzungumza Dhopadhola nyumbani, husoma kwa Kiingereza, na hukutana na Kiswahili sokoni Malaba na Busia. Akivuka mpaka hukuta "tarakilishi" katika vitabu vya Kenya. Akisoma vya Tanzania hukuta "kompyuta" au "ngamizi". Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Tukimkaripia mtoto huyu kwa kutumia neno la ng'ambo ya pili ya mpaka, atarudi kwenye Kiingereza, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Hivyo basi, walimu wenzangu, tumpe maneno yote mawili na historia yake. Kabla ya kufasiri, tuulize kwanza kitu chenyewe hufanya nini, tusije tukageuza mwendo kuwa umbo. Na pale ambapo hatujui bado, tuseme "kisichotambulika" bila haya.