Askari Wangapi kwa Mkono Mmoja?

Desemba 1992, kampuni ya Westwood Studios ya Las Vegas, Marekani, ilitoa gemu iitwayo Dune II. Mchezaji alipewa jangwa, gari la kuvuna kiungo cha thamani kilichotapakaa mchangani, na adui aliyekuwa akijijenga upande wa pili wa ramani bila kumsubiri mtu. Akitaka kifaru kisogee, alikibofya, akabofya amri pembeni mwa skrini, kisha akabofya mahali pa kwenda. Mwenye vifaru kumi alirudia kazi hiyo mara kumi. Huku akihangaika hivyo, mnyoo mkubwa wa jangwani angeweza kulimeza gari lake la mavuno kule ambako macho yake hayakuwapo.

Hapo ndipo gemu za mkakati wa papo kwa papo zilipopata sura tunayoijua leo: chuma mali, jenga, unda jeshi, pigana, na yote hayo kwa wakati mmoja. Nimezipenda gemu hizi tangu ujana wangu, na sijawahi kupata burudani ya akili inayozikaribia. Mchezaji wa bao husambaza kete zake, akamaliza, akamwachia mwenzake. Hata mpinzani awe mkali namna gani, sheria inakupa nafasi ya kukuna kichwa. Huku hakuna zamu. Dhahabu na mbao unaweza kuzirundika, lakini umakini wako haurundikiki: ukiutumia vitani, umeunyima mji. Ndiyo maana naiona historia ya gemu hizi kama historia ya ubishi mmoja mrefu: mkono wa mtu mmoja uruhusiwe kuamuru askari wangapi kwa mpigo?

Dune II haikuota kama uyoga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Don Daglow alitengeneza Utopia kwa ajili ya mashine ya Intellivision, gemu ya watawala wawili wa visiwa walioshindana huku saa ikienda. Mwaka 1989 kampuni ya Technosoft ya Japani ikatoa Herzog Zwei kwa mashine ya Sega, na hiyo iliwagusa sana watu wa Westwood. Brett Sperry, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, pamoja na Joe Bostic, aliyeongoza uandishi wa programu, waliichukua dunia ya riwaya ya Frank Herbert ya 1965 na kuipa kitu ambacho watangulizi hao hawakuwa nacho: kipanya kama fimbo ya jemadari. Sperry aliuazima mtindo huo kutoka kompyuta za Macintosh, ambako mtu alichagua faili kwa kulibofya. Kama faili huchaguliwa hivyo, kwa nini kifaru kisichaguliwe? Sperry huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa aliipa aina hii ya gemu jina lake.

Kule California, vijana wa kampuni changa ya Blizzard walikuwa wakiicheza Dune II saa za chakula cha mchana na jioni baada ya kazi. Mmoja wao, Patrick Wyatt, akaanza kuandika programu ya gemu yao wenyewe. Wyatt alikuwa amezoea programu za kuchorea ramani za majengo, ambamo mtu huvuta kipanya na kuchora mstatili, na kila kilichomo ndani kinachaguliwa pamoja. Akakileta kitendo hicho vitani. Mara ya kwanza alipoburuta mstatili juu ya kundi la askari na kundi zima likaitika amri moja, gemu za kivita zilibadilika.

Kisha yakaja mabishano. Mwanzoni programu ya Wyatt haikuwa na kikomo. Ungeweza kuchagua jeshi lote. Wenzake wakahoji: kama mtu anaweza kukusanya umati na kuusukuma mbele kwa mbofyo mmoja, atajali vipi nani anasimama mbele na nani nyuma? Baada ya kuvutana kwa muda wakakubaliana idadi iwe wanne. Gemu yao, Warcraft, ilipotoka mwishoni mwa 1994, ukichora mstatili juu ya askari kumi, wanne tu ndio walioitika. Mwaka uliofuata, katika Warcraft II, wakawa tisa. Westwood walishika njia nyingine: Command & Conquer, gemu yao ya 1995, iliruhusu mchezaji achukue kundi lolote alitakalo, na vita vikawa mafuriko ya vifaru yakisindikizwa na magitaa ya mtunzi wa muziki Frank Klepacki. Gemu hiyo iliuzwa kwa diski mbili, moja kwa kila upande wa vita, na marafiki wawili waliweza kugawana nakala moja na kupigana wao kwa wao. Sijui ukarimu mwingine wa kibiashara uliotengeneza mahasimu wengi wapenzi kama huo.

Mimi niliingilia mlango mwingine, ule wa Age of Empires II ya 1999, iliyotengenezwa na Ensemble Studios wa Texas. Ngoja nieleze dakika zake za kwanza, maana asiyezijua hudhani mambo ni mapanga tu. Unaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja wa farasi, na chakula 200. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 kuzaliwa. Chakula chako kinatosha wanne, basi. Kabla hakijaisha, mpelelezi awe ameona kondoo gizani na wawili wawe wanajenga nyumba, na baadaye kidogo mtu mmoja atumwe kwa nguruwe mwitu. Kumwinda nguruwe huyo ni kazi ya moyo. Mwanakijiji humpiga mishale, mnyama hukasirika na kumkimbiza, naye hukimbilia kituo cha mji ambako wenzake wanasubiri na pinde. Ukichelewa kumrudisha, umempoteza mtu. Ukimwangalia kupita kiasi, umesahau kuagiza mwanakijiji mpya. Wachezaji mahiri hupima mchezo wao kwa sekunde ambazo kituo cha mji kimekaa bila kazi, na wengi wetu huwa tumeshindwa hapo, nusu saa kabla ya vita tutakavyovilaumu.

Nyongeza ya gemu hiyo iliyotoka 2015, African Kingdoms, iliwaleta Waethiopia, Wamali, Waberiberi na Wareno. Mojawapo ya simulizi zake inamfuata Francisco de Almeida. Msomaji wa pwani analijua jina hilo: ndiye aliyeiteka Kilwa mwezi Julai 1505, na mwezi uliofuata akaipora na kuichoma Mombasa. Ukichagua simulizi hiyo, unakaa kwenye kiti chake. Waswahili wenyewe hawakupewa kiti katika nyongeza ile, na hilo linaniuma. Kilwa iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, iliyoishi kwa dhahabu iliyopitia Sofala, iliyofua sarafu zake za shaba na kuijenga Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, ni dola iliyozaliwa kwa ajili ya gemu za aina hii. Uchumi wake wote ulikuwa hesabu ya upepo wa kaskazi na kusi, bandari na ushuru. Kiswahili chenyewe kiliingia kwenye gemu za mkakati kwa mlango wa jirani: Civilization IV ya 2005, ambayo huchezwa kwa zamu, hufunguliwa na wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin, uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Nafurahi kila nikiusikia, ila nataka pia kuiona mitepe, vyombo vya kale vya Waswahili.

Lakini kilele cha ubishi wa mkono kilifikiwa kwingine. Machi 1998 Blizzard walitoa StarCraft, gemu ya kaumu tatu za angani: Terran ambao ni binadamu, Zerg ambao ni kundi la viumbe wanaofanana na wadudu, na Protoss wenye teknolojia ya juu. Kila kaumu ilijengwa kwa kanuni zake, na bado uzani ukakaa sawa. Ndani kulikuwa na viraka. Vibarua wanaochimba madini walikuwa wakizibiana njia hadi uchumi unasimama, na Wyatt alilitatua hilo kwa kuwaruhusu wapenyane kama vivuli wakiwa kazini. Idadi ya kuchagua kwa mpigo iliwekwa 12. Jeshi la watu mia moja lilihitaji kuamriwa vipande vipande.

Gemu hiyo ilitua Korea Kusini wakati nchi ikiuguza majeraha ya msukosuko wa fedha wa 1997. Kumbi za kompyuta ziitwazo PC bang zilikuwa zikifunguliwa kila mtaa, nyingine na watu waliopoteza ajira. Serikali ilikuwa ikisambaza intaneti ya kasi. Na vijana walikuwa na muda kuliko fedha. Kufikia 2000 kulikuwa na chama cha michezo ya kompyuta kilichosajiliwa na chaneli ya televisheni iliyoonyesha gemu. Julai 2004, fainali ya ligi ya timu ilichezwa kwenye ufukwe wa Gwangalli, mjini Busan, na waandaaji walitangaza watazamaji 100,000. Walikuja mchangani kutazama watu wakibofya.

Aliyewaleta zaidi ya wote ni Lim Yo-hwan, maarufu kama BoxeR. Aliwacheza Terran wakati wengi waliwaona dhaifu. Zerg wana kiumbe kiitwacho Lurker, ambacho hujifukia ardhini na kurusha miiba inayokimbia kwa mstari mmoja. Askari wa miguu wakisimama pamoja, wamekwisha. BoxeR aliwagawa kushoto na kulia kati ya mrusho mmoja na mwingine, wakapishana na miiba, wakasimama, wakapiga, wakagawanyika tena. Kompyuta haikumsaidia chochote: kila hatua ilitoka kwenye vidole vyake. Mabingwa wa enzi ile walifika amri 300 na zaidi kwa dakika, na sehemu ya amri hizo ilikuwapo kwa sababu ya ile idadi ya 12.

Novemba 2004 alikutana na hasimu wake wa miaka, Hong Jin-ho, mchezaji wa Zerg, katika nusu fainali ya mashindano makubwa ya televisheni. Mchezo wa kwanza BoxeR aliwatoa vibarua wake mapema sana, akawapeleka pamoja na askari wa mwanzo hadi mlangoni kwa mwenzake na kujenga ngome pale pale. Akashinda. Mchezo wa pili akafanya vilevile. Wa tatu, wakati kila mtu ukumbini alijua kinachowezekana, akakifanya tena, akashinda 3–0. Mashabiki waliosubiri usiku mrefu wa vita walikasirika, na Wakorea wanaubishania mpaka leo. Mimi nauona kuwa ushujaa. Mtu anayerudia mbinu mara ya tatu mbele ya hasimu anayeitarajia anacheza na moyo wa mwenzake. BoxeR alipoitwa jeshini mwaka 2006, jeshi la anga liliishia kuunda timu yake ya StarCraft.

Baada ya hapo mkondo uligeuka. Kutokana na ramani zilizotengenezwa na wachezaji ndani ya StarCraft na Warcraft III, ikazaliwa aina mpya ambamo unaongoza shujaa mmoja tu, na umati ukahamia huko, kwenye League of Legends na Dota 2. Westwood ilikuwa imeshafungwa mwaka 2003. Ensemble ikafungwa mwanzoni mwa 2009. StarCraft II ya 2010 iliondoa kikomo cha 12. Age of Empires II ilikataa kufa: ilirekebishwa 2013, ikatolewa upya 2019, na Oktoba 2022 mashindano yake yalifanyika ndani ya kasri la Heidelberg, Ujerumani.

Ubishi wa mkono uliibuka tena pasipotarajiwa. Januari 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha programu yake, AlphaStar, iliyojifunza kucheza StarCraft II. Iliwashinda wataalamu wawili, TLO wa Ujerumani na MaNa wa Poland, 10–0 kwa jumla. Wachezaji wakalalamika, na kwa haki: mashine iliweza kuona kila eneo la ramani lisilofunikwa na giza kwa wakati mmoja, bila kuhamisha skrini, na katika purukushani iliwahi kutoa amri kwa kasi ambayo vidole haviwezi.

Ukafuata mchezo mmoja wa moja kwa moja, na toleo la mashine lililolazimika kuchagua pa kutazama kama sisi. MaNa alijaza askari kwenye chombo kimoja cha angani na kuwashusha nyuma ya kambi. AlphaStar ikageuza jeshi lake lote kurudi nyumbani. MaNa akawapakia na kuondoka. Jeshi likatoka tena. Naye akawashusha upya. Mashine ikazungushwa hivyo nenda rudi huku MaNa akijenga, hadi akashinda.

Kwa toleo lililofuata watafiti walikaa na wachezaji na kuwekeana masharti: isitoe amri zaidi ya 22 katika kila sekunde tano, na itazame ramani kwa skrini kama ya mtu. Ikiwa imefungwa mikono hivyo, Oktoba 2019 ilitangazwa kuwa imewapita asilimia 99.8 ya wachezaji waliopangwa kwa viwango, kwa kaumu zote tatu. Ninaheshimu kazi hiyo. Bado ningetoa chochote kuiona ikikaa mbele ya Lim Yo-hwan wa 2004, kwenye StarCraft ya zamani, kwa sheria ya askari 12.