Zabibu ikishakatwa, nani ana haraka?

Mvinyo wa Dodoma ukishuka kwenda Dar es Salaam kwa lori, unapita hapa Magole, barabara ileile ya Gairo na Dumila. Januari 2014 mto Mkundi ulipofurika na kuharibu daraja la Dumila, magari yalikwama pande zote mbili. Mvinyo ulio kwenye chupa ungeweza kusubiri daraja litengenezwe. Zabibu zilizokatwa haziwezi, na ukitaka kuelewa kwa nini biashara ya mvinyo imepangwa kwa namna nyingi tofauti, anzia hapo.

Ndizi ukiikata mbichi itaendelea kuiva ndani. Zabibu hapana. Ikishatoka kwenye mzabibu sukari haiongezeki tena, na kwa joto la Dodoma ganda likipasuka tu, hamira za asili zinaanza kazi yao bila kuitwa, kisha bakteria wanageuza kile kilevi kuwa siki. Yaani mkulima ana siku chache tu. Watu wa Turiani wanaolima miwa ya Mtibwa wanaijua hali hii vizuri: muwa uliokatwa ukilala shambani, sukari inapungua, na mwenye kiwanda hana presha kama uliyonayo wewe.

Sasa, wa kwanza kukwepa tatizo hili walikuwa wamisionari. Wapasionisti kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Kanisa Katoliki linataka divai ya misa itokane na zabibu halisi, kwa hiyo mlimaji, mkamuaji na mnywaji walikuwa nyumba moja. Hakuna dalali, hakuna kugombana bei. Ni mfumo mzuri sana, ila unategemea mteja asiyehama.

Baada ya Uhuru serikali nayo ikaingia. Ikaja DOWICO, kampuni ya mvinyo ya umma, katika zama zile ambazo mahindi yalinunuliwa na NMC kwa bei moja nchi nzima. Mkulima alijua atauza wapi. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi mkubwa akiyumba, wote mnayumba naye. DOWICO ilikufa, na wakulima wakabaki na mizabibu, mmea ambao huwezi kuung'oa leo na kuurudisha mwakani kama mahindi.

Soko huria lilileta wenye viwanda binafsi. TDL, watengenezaji wa Konyagi, wakawa na mvinyo wao wa Dodoma, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 CETAWICO ikajenga kiwanda Hombolo kwa mtaji wa Waitaliano. Hawa wana mitambo na chapa, na zabibu nyingi wananunua kwa wakulima wadogo. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo ukipogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka. Inasikika kama neema, na ni neema kweli, lakini maana yake pia ni kwamba mara mbili kwa mwaka unasimama mlangoni kwa mnunuzi huku mzigo unaharibika.

Wafaransa walipitia haya haya. Mwaka 1901 wakulima wa Maraussan, kusini mwa nchi hiyo, waliungana kuuza mvinyo wao wenyewe, na 1905 wakajenga ghala lao la pamoja. Miaka miwili baadaye bei zilianguka vibaya mno hata eneo zima la Languedoc likalipuka kwa maandamano, jeshi likaitwa. Baada ya hapo vyama vya ushirika vya kukamua zabibu vilienea vijijini kote huko.

Kwetu ushirika ulianzia upande mwingine. Mradi wa Chinangali, wilayani Chamwino, uliwapa wakulima shamba la pamoja, umwagiliaji wa matone na mkopo wa CRDB. Kwa maoni yangu hapo palikuwa na pengo: mkopo uliongeza zabibu, na marejesho ya benki yana tarehe, lakini uwezo wa kukamua ulibaki kwa wengine. Wa Maraussan walianza na mauzo na ghala.

Kodi nayo ina mkono wake. Bajeti ya 2017/18 iliweka ushuru wa shilingi 200 kwa lita ya mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, wakati mvinyo wa nje ulitozwa 2,349. Inampa mwenye kiwanda sababu ya kununua zabibu za hapa, lakini bei ya kilo haigusi.

Ndiyo maana siku hizi Dodoma utasikia sana habari za "mchuzi wa zabibu". Mkulima au kikundi chenye mashine ya kukamua na tenki safi kinauza kimiminika kilichotulia badala ya matunda yanayooza. Mnunuzi akitaja bei ya kutupa, wanafunga bomba na kumwambia arudi mwezi ujao.