Hodhi Linalojilea

Maji yaliyotuama huoza. Kila aliyewahi kufunua mtungi uliosahauliwa pembeni mwa nyumba analijua jambo hili, nalo ndilo lililowasumbua kwa karne nyingi watu waliotaka kumfuga samaki ndani ya chombo. Samaki hula, hupumua na hutoa taka zake mumo humo anamokaa. Asipobadilishiwa maji hufa, tena hufa upesi. Kwa hivyo historia ya hodhi la kioo, ambalo leo huwekwa sebuleni kama pambo, ni historia ya swali moja: je, maji yanaweza kujitakasa yenyewe pasipo mkono wa mtu?

Wachina walikuwa wakifuga samaki wa dhahabu tangu zama za ufalme wa Song, yapata miaka 1000 iliyopita, kwanza katika viziwa vya bustani na baadaye katika vyombo vya kauri. Kwao jibu lilikuwa utumishi: maji yateuliwe, yachotwe, yamwagwe, yachotwe tena. Ulaya nayo ilipowapokea samaki hao iliipokea pamoja nao kazi hiyo. Mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sisilia, Jeanne Villepreux-Power, mwanamke wa Kifaransa aliyeanza maisha kwa kazi ya ushonaji, alijitengenezea mahodhi ya kioo ili amchunguze kiumbe wa bahari aitwaye Argonauta, wa jamaa ya pweza. Wataalamu walikuwa wakibishana iwapo kiumbe huyo hujijengea kaka lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Jeanne alithibitisha kwamba hujijengea. Lakini yeye aliishi pwani, na bahari ilikuwa kisima chake.

Aliyekaa mbali na bahari alipata taabu zaidi. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Kanisa la Westminster, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akayapeleka London. Ili yasife, maji yao ya bahari yalihitaji kutiwa hewa, na njia iliyopatikana ilikuwa kumwagwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi. Kazi hiyo aliifanya mtumishi wa nyumba. Historia hulitaja jina la bibi, na aghalabu humpita mtumishi. Ilhali mikono ya mtumishi ndiyo iliyowapa viumbe wale pumzi. Mwaka uliofuata Bibi Thynne aliongeza mwani ndani ya maji, na mmea ukaanza kuipunguza kazi ya mikono.

Kwa nini mmea uweze kazi hiyo? Msingi wa jibu ulikuwa umekwishawekwa kabla ya hapo. Mwaka 1771 Joseph Priestley aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa mpaka ukazimika, akaweka humo tawi la nanaa, na baada ya siku kadhaa mshumaa ukaweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, alionyesha kwamba mmea hufanya hivyo katika mwanga tu, na kwa sehemu zake za kijani tu; gizani nao huichafua hewa kama sisi. Vitovu vidogo vinavyopanda kutoka kwenye jani lililozamishwa majini mchana wa jua ndivyo vilivyokuwa shahidi wake.

Aliyeyakusanya haya yote katika chombo kimoja alikuwa Robert Warington, mkemia wa chama cha wauzadawa cha London. Mwezi wa Mei 1849 alichukua chombo kikubwa cha kioo cha galoni 12, akakitia maji ya chemchemi hadi nusu yake. Chini alitandika mchanga na tope la mto, akapanga mawe, mengine ya chokaa. Akapanda Vallisneria spiralis, mmea wenye majani marefu membamba kama utepe, kisha akawatia samaki wadogo wawili wa dhahabu.

Mmea huu unastahili neno moja kwa wapenzi wa ushairi. Ua lake la kike hupanda hadi juu ya maji kwa kikonyo kirefu. Maua ya kiume hukatika chini na kuelea juu yakilitafuta, na yakishakutana, kikonyo hujikunja kama kamba ya ngamizi na kulirudisha tunda chini kilindini. Haishangazi kwamba Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, aliuingiza mmea huu katika utenzi wake kuhusu mapenzi ya mimea, uliotoka mwaka 1789. Miaka 60 baadaye mmea wa mshairi ukawa mmea wa mkemia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Kisha majani makongwe yalianza kuoza, maji yakaingia ukungu, utelezi wa kijani ukatanda juu ya kioo, na samaki wakawa hatarini. Mtu mwingine angeyamwaga maji na kuanza upya. Warington aliutazama mto badala yake, akajiuliza ni nani anayefanya usafi kule ambako hakuna mtumishi. Akaleta konokono wa majini wachache. Konokono wale walikula majani yaliyooza na utelezi, maji yakarudi kung'aa, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Ndiyo ile kauli ya wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Machi 1850 Warington aliwaeleza wakemia wenzake habari ya mizani hii ya mnyama, mmea na mla-taka, na maelezo yake yakachapishwa katika jarida la chama chao.

Wakati nao ulikuwa umewiva. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka 1845, na kioo kikawa rahisi. Mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ilifungua jumba la samaki, la kwanza la aina yake kwa umma. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chenye michoro ya rangi kilicholieneza neno akwariamu, na ghafla kila nyumba yenye uwezo ilitaka bahari yake ndogo. Watu waliteremka pwani na ndoo na nyundo, wakabandua na kubeba. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund Gosse, aliandika kwa uchungu kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimeporwa, na kwamba kitabu cha babaye mwenyewe kilikuwa na sehemu katika uporaji huo. Vingi kati ya viumbe waliobebwa walikufa ndani ya siku chache.

Walikufa kwa sababu nadharia ya mizani ilikuwa kweli nusu. Wengi waliamini kwamba ugomvi mzima ulikuwa wa pumzi: mmea humpa samaki oksijeni, samaki humpa mmea kaboni, basi. Lakini hewa huingia majini kwa uso wake pia, na samaki aliye katika chombo kipana hafi upesi kwa kukosa pumzi. Humwua taka yake mwenyewe, hasa amonia, sumu isiyoonekana katika maji yanayong'aa.

Siri hii ilianza kufunuka Ufaransa mwaka 1877, pale Schloesing na Müntz walipopitisha maji machafu polepole katika mchanga na kuona amonia ikigeuka naitreti. Walipoitia mchangani dawa ya klorofomu, kazi ilisimama. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikifanya kazi kilikuwa hai. Aliyeipokea habari hii Uingereza na kuiendeleza, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, aliitwa Robert Warington. Huyu hakuwa yule wa hodhi. Alikuwa mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1838, mtoto wa miaka kumi na kitu wakati baba alipokuwa akiwatazama konokono wake. Warington mwana alionyesha kwamba kazi ina hatua mbili, kila moja na kiumbe wake: mmoja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na mwingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ni mbolea ya mmea. Alijitahidi miaka mingi kuwatenga viumbe hao peke yao, asifanikiwe. Heshima hiyo ilimfikia Sergei Winogradsky mwaka 1890.

Kwa hivyo baba alikuwa amewaita bakteria hawa bila kuwajua, pale alipotandika tope la mto. Tope lile, ambalo mtu nadhifu angelikosha, ndilo lililokuwa na wafanyakazi.

Karne ya 20 ilileta umeme, na umeme ukaleta pampu na machujio. Mmea ukashushwa daraja: kutoka mshirika wa samaki ukawa pambo, na mara nyingi ukawa wa plastiki. Mtumishi wa Bibi Thynne alirudi katika umbo la mashine. Ndipo mwaka 1999 Diana Walstad, Mmarekani, alipotoa kitabu kuhusu ikolojia ya hodhi lenye mimea, akautetea tena udongo. Alikusanya ushahidi kwamba mimea mingi ya majini huipenda amonia kuliko naitreti, yaani huila sumu moja kwa moja kabla haijamfikia samaki.

Mwanafunzi wa leo anayeanza, basi, harithi mambo mengi ya kukariri. Udongo wa kawaida usiotiwa mbolea, kiasi cha sentimita 2 au 3, ufunikwe na mchanga wa kiasi hicho hicho. Mimea ipandwe mingi tangu siku ya kwanza, hasa ile ikuayo haraka. Vallisneria ingali miongoni mwa iliyo rahisi kabisa. Mwanga uwe wa saa 8 hadi 10, usizidi, ama sivyo utelezi wa kijani utatawala. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Konokono watangulie. Samaki waje mwisho, wachache, baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kuwa bakteria huongezeka kwa mwendo wao wala hawamjali mwenye pupa. Chakula kiwe kidogo. Kinachobaki ni kuongeza maji yaliyopungua, kukata majani yaliyozidi, na kubadilisha sehemu ya maji mara mojamoja. Na kile kinachokatwa kisitupwe mtoni: gugumaji, lililoenezwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kama ua la viziwa vya bustani, lilikuwa limekwishaingia Ziwa Viktoria kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wanajua lilichowafanyia.

Visiwani kwetu kuna mwalimu mwingine wa somo hili, naye ni mwenyeji. Miongoni mwa samaki aliokusanya Franz Stuhlmann Unguja na bara mwaka 1888 na 1889, mtaalamu Georg Pfeffer alimtambua mmoja mdogo wa maji baridi, akamtangaza mwaka 1893. Leo huitwa Nothobranchius guentheri. Dume lake lina mkia mwekundu, na wafugaji wa ng'ambo humtunza kama kito. Makao yake Unguja ni vidimbwi vya msimu: mvua ikinyesha huanguliwa, hukua kwa wiki chache, hutaga topeni, kiangazi kikifika maji hukauka na wazazi hufa wote. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu yakisubiri mvua nyingine.

Anayepita kiangazi huona shimo la vumbi tu, mahali pazuri pa kumwaga kifusi na kujenga. Warington aliliweka tope la mto ndani ya kioo, na mwanawe akatumia miaka mingi kujua lilikuwa na nini. Tope la Unguja lina samaki, ingawa kwa miezi kadhaa ya mwaka halina hata tone la maji.