Nyumba ya Shangani na Gharama ya Uzuri



Hapa kwetu Nyamwaga, tangu enzi za wazee wa Kikurya, mgeni aliyetaka kuupima utajiri wa mwenyeji alitazama zizi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja alitazama nyumba: urefu wake, mlango wake, na vitu vilivyopangwa ndani. Juma hili tumeona vema tutafakari nyumba moja ya mji ule, iliyoko mtaa wa Shangani, ambayo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip.

Nyumba za matajiri wa Unguja wa karne ya 19 zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Mlango wa mbele ulichongwa nakshi, nao ndio uliotangaza hadhi ya mwenye nyumba kabla hajatamka neno.

Ndani, dunia nzima ilikutana. Binti Sultani Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, ameeleza jinsi vidaka vya ukutani vilivyojazwa vyombo vya kauri na bilauri, na jinsi vioo vikubwa na saa za Ulaya zilivyopamba vyumba. Mazulia yalitoka Uajemi, vyombo vya kauri China, na mbao za msaji India. Mtu angedhani vitu vya asili mbalimbali namna hiyo vingegombana. Kumbe vilipatana, kwa sababu pwani ilikuwa imezoea kupokea wageni na kuwapa mahali pa kukaa.

Lakini yatupasa kuuliza: nani alilipa? Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja yapata mwaka 1837, alipata mali yake bara, kwa misafara ya pembe za ndovu iliyopita Tabora na Ujiji hadi Kasongo, katika Kongo ya leo. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kutoka Kasongo hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000, na pembe zilisafiri mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira. Wengine walikuwa mateka wa vijiji vilivyochomwa moto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani hadi mwaka 1897.

Tippu Tip alifariki mjini Unguja mwaka 1905, akiwa ameacha habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili. Mwenye nyumba, basi, tunaisikia sauti yake. Waliobeba pembe hawakuacha kitabu. Kuta zile ndizo karibu ushahidi pekee wa jasho lao.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, familia nyingi ziligawana vyumba vya nyumba hiyo. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizuii mvua. Chokaa isipopakwa upya, maji hupenya na boriti huoza. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Wapo wasemao kwamba majumba ya mabwana wa utumwa yaachwe yaporomoke. Sisi hatuafiki. Shahidi akifa, kesi haikwishi. Hubaki bila ushahidi.

Nabii Yeremia, katika sura ya 22, hakumlaumu mfalme kwa sababu ya madirisha mapana na mbao za mierezi, bali kwa sababu waliomjengea hawakulipwa. Nasi tunaoishi jirani na dhahabu ya Nyamongo tunajua kwamba kitu kizuri huweza kung'aa mbali sana na mahali kilipochimbwa. Tuupende uzuri, kwa maana ni kipaji cha Mungu; ila tusiuingie mlango wa nakshi bila kuwauliza habari walioubeba mzigo.