Matumizi ya Chokaa Kuimarisha Udongo wa Mbuga Mkoani Singida

Udongo mweusi wa mfinyanzi, maarufu kama udongo wa mbuga, hupatikana katika maeneo tambarare ya Mkoa wa Singida, likiwemo Bonde la Wembere wilayani Iramba. Udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa wakati wa kiangazi, hali inayosababisha barabara kutitia na kuta za nyumba kupasuka.

Njia mojawapo ya kuuimarisha ni kuuchanganya na chokaa, kwa kawaida kati ya asilimia 4 na 8 ya uzito wa udongo mkavu. Madini ya kalisi yaliyomo katika chokaa hupunguza uvimbaji, kisha mchanganyiko ulioshindiliwa vizuri huendelea kukomaa kwa miezi kadhaa. Saruji hufaa zaidi katika udongo wa mchanga na changarawe, kwa kuwa mfinyanzi mzito huchanganyika nayo kwa shida.

Kiwango sahihi cha chokaa hupatikana kwa vipimo vya maabara. Hivyo, mwananchi anayekusudia kujenga kwenye mbuga anashauriwa kumwona mhandisi wa halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Aidha, maji ya mvua yaelekezwe mbali na jengo.